Kando ya Kuni za Mama

Kwetu aliyechungwa ni mimi. Tangu nifike miaka kumi, mama alijua niko wapi kila saa ya siku. Mtoni sikwenda bila wasichana wengine. Dukani kwa Mhindi sikuingia; nilisimama mlangoni nikataja nilichotumwa. Usiku nililala upande wa ukutani na mguu wa mama juu ya wangu, mguu mzito wa mwanamke aliyelima tangu utotoni, na nikijaribu kujinasua aliniuliza naenda wapi hata kabla hajafungua macho. Kaka yangu hakuchungwa na mtu. Nilimwonea wivu sana.

Ilikuwa miaka ile ya walowezi. Reli ilikuwa imeshafika Eldoret, na wazee wetu bado waliuita mji Sisibo, yaani sitini na nne, kwa namba ya shamba lililokuwa pale kabla ya mji. Baba alikuwa ametutoa kwetu magharibi akapata kazi katika kiwanda cha mbao nje kidogo ya mji. Tulikaa laini, safu ya vyumba vilivyojengwa kwa mabanzi, yale maganda ya magogo yanayobaki msumeno ukishapita. Chumba kimoja, familia moja. Bwana mwenye kiwanda hakutaka kuona kibanda kingine kikiota hapo, na aliyejaribu alivunjiwa.

Kaka alinipita miaka mitano. Mwaka alipotahiriwa, baba alimpeleka nyumbani kwa sherehe, naye akarudi kwetu akiwa mwanaume, sauti imeshuka na shingo imenyooka. Hapo ndipo shida ilipoanza, maana kwetu kijana aliyetahiriwa halali nyumba moja na mama yake. Nyumbani angejijengea kibanda chake pembeni mwa boma. Laini hakukuwa na boma wala pembe. Baba alitembea na jambo hilo wiki nzima kama mtu mwenye mwiba mguuni, mpaka baba mdogo akamwambia, "Si alale kwangu."

Baba mdogo hakuwa ndugu wa tumbo moja na baba. Alikuwa wa ukoo wetu, na hiyo kwetu inatosha. Alikuwa nyapara wa wapasua mbao na mzee wa kanisa. Mke wake alibaki nyumbani akilima shamba, kama wake wengi wa siku zile, naye kwa unyapara wake alipewa vyumba viwili. Mtu akifiwa, yeye ndiye aliyefika wa kwanza na debe la unga. Akiomba kanisani hata watoto walinyamaza. Mimi nilimpenda, kwa sababu alikuwa na sukari guru mfukoni na alijua kunikatia kipande bila mama kuona.

Kaka akakunja blanketi lake akaenda. Mama akamwambia baba, "Hata mimi sasa nitalala." Nilimsikia. Moyo wake ulikuwa umetulia kabisa, na ninataka msomaji alijue hilo kabla hajaanza kumhukumu.

Haikupita miezi mingi, kaka akaja mchana mmoja, mama akipepeta mahindi, akamwambia, "Mama, wacha nilale hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa kwa kuni."

Kati ya mafiga na ukuta mama alipanga kuni zake, vipande vya mabanzi kutoka kiwandani, na kando yake palibaki nafasi ya kutosha mbuzi mmoja. Mama alicheka mpaka ungo ukatikisika. "Wewe kisu kimeshapita, unataka kulala kwa mama? Nikuimbie pia?" Mimi nilicheka zaidi yake. Nilimwimbia ule wimbo wa kubembeleza watoto, mwanzo hadi mwisho, nikipiga makofi, naye akasimama pale akinisikiliza.

Mara ya pili alikuja na blanketi begani. Siku hiyo baba alikuwepo. Hakumpiga wala hakufoka. Alimwambia tu kwamba watu watauliza ni mwanaume wa aina gani anayekimbilia nyuma ya mama, na alipoona mama anataka kulegea alimkumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Kaka akarudi na blanketi lake.

Mara ya tatu alimwomba mama wakiwa wawili, nami nikiwa mlangoni nachambua mboga. Hakumtazama. Alisema paa la baba mdogo linavuja. Mama akajibu kwamba atamwambia baba mdogo alizibe, na kweli alimwambia, na baba mdogo kwa wema wake akaliziba kesho yake. Lilikuwa halivuji. Kaka hakuomba tena.

Mtu akiniuliza leo kama hatukuona kitu, nitamjibu kwamba tuliona kila kitu. Tulimwona akisinzia kanisani, tukasema ana msichana, na vijana wenzake wakamtania waziwazi mpaka wakachoka. Tulimwona akikonda, mama akamchemshia dawa ya minyoo. Tulimwona akienda mtoni alfajiri kuoga, katika baridi ile ya Eldoret inayogandisha umande juu ya nyasi, tukasema sasa anajipenda. Alivaa shati jipya, kisha viatu, vyote kutoka kwa baba mdogo, na mama akaenda kumshukuru kwa mikono miwili. Alianza kuwa mkali, akanizaba kofi kwa kumgusa begani tu nikiwa nyuma yake, na baba akasema ndiyo utu uzima huo. Kila dalili ilikuwa na jina lake tayari, na hakuna jina hata moja lililotutisha.

Ningekonda mimi hivyo, mama angefunga mlango akaniuliza ni nani. Nguo ningevishwa mimi na mwanaume asiye baba yangu, nguo hiyo ingechomwa. Kwetu, msichana ndiye huharibiwa. Mvulana hukua tu, kama mahindi yaliyokwisha kupaliliwa.

Sasa nifike kwenye kuku. Jumapili moja baba alimwalika baba mdogo chakula, kumshukuru kwa kumlea mtoto wake. Mama alichinjisha jogoo, nami nikamnyonyoa. Siku zile wanawake wa kwetu hatukula kuku, tuliambulia harufu, na huwa nasema kama kweli Mungu anaona kila kitu basi aliona pia uonevu huo. Katika kuku kuna firigisi. Firigisi haigawanywi wala haipewi mtu hivi hivi. Ni ya mgeni wa heshima, na kijana wa nyumba ndiye humpelekea. Mama aliiweka juu ya sahani, iking'ara kwa mafuta, akampa kaka.

Kaka alisimama mbele ya baba mdogo na sahani mkononi. Baba mdogo alikuwa ameshanyoosha vidole. Kaka akageuka, akatoka mpaka mlangoni, akaitupa firigisi kwa mbwa wa jirani.

Kwetu ni afadhali umtukane mtu. Baba aliinuka ampige, na aliyemzuia ni baba mdogo mwenyewe. "Mwache, ndugu yangu," alisema taratibu. "Ni kijana, damu bado inachemka. Mimi sina kinyongo na yeye." Mama alilia kwa aibu, na kwa shukrani pia, kwamba yuko mtu duniani mwenye moyo kama huo.

Nimeitafuna siku hiyo maisha yangu yote. Kaka hakuwa na maneno, hata sisi hatukuwa nayo, basi akasema kwa kitu ambacho kila mtu chumbani alikielewa. Alitangaza mbele ya wazazi wake kwamba mtu huyu hastahili heshima. Na sisi tukasikia tu kwamba mtoto hana adabu.

Baba aliamua kaka apeleke kuku mzima kwa baba mdogo, amwombe msamaha kwa magoti. Mimi nilitumwa naye, nione kwamba amefanya. Ilikuwa jioni ya mapema, jua bado lipo. Kaka alimbeba yule kuku kwa miguu, kichwa chini, tukapita nyuma ya marundo ya unga wa mbao. Tulipofika kwenye nyasi ndefu karibu na mfereji, kuku akamtoka mkononi akakimbia.

"Mwache aende," kaka akasema.

Nilidhani amekata tamaa upesi. Mimi nilikuwa na mbio; katika laini ile hakuna mvulana wa rika langu aliyenishinda. Nilimkimbiza yule kuku kwenye nyasi, nikaanguka, nikachubuka goti, nikamfukuza mpaka kwenye mfereji, nikamshika kwa bawa. Nilirudi nikihema, nikacheka, nikamwekea mikononi. Alinitazama muda mrefu. Kisha akatembea mpaka kwenye mlango wa baba mdogo akapiga magoti, na mimi nikarudi nyumbani kumwambia baba kwamba nimeona. Nilipewa sifa. Kaka alibaki kule, maana ndiko alikolala.

Mwaka wake wa pili kwa baba mdogo ulipokwisha, akatoroka. Tulikuja kusikia yuko mashamba ya Makaburu upande wa Chepsaita, anaongoza ng'ombe wa plau. Baba alisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Baba mdogo alitikisa kichwa kwa huzuni, na haukupita muda akampokea kijana mwingine kutoka nyumbani. Wazazi wa kijana huyo nao walimshukuru. Baba mdogo akaja kufa kwa homa ya mapafu, akazikwa na kanisa lote likilia, mimi nikiwa mmoja wao. Kaka alipelekewa habari akasema ana ng'ombe wa kufundisha. Baba alikufa bila kumsamehe jambo hilo.

Miaka ikaenda. Niliolewa na mkamuaji wa shamba moja la ng'ombe wa maziwa upande wa Kiplombe. Bwana wa hapo aliruhusu kila familia ya maskwota, vibarua tuliokaa shambani mwake, nyumba mbili, wala si zaidi. Moja ilikuwa yetu, ya pili tulimjengea mama alipokuwa mjane. Kaka alikuwa na mke na watoto huko huko Chepsaita. Alitutembelea mara moja au mbili kwa mwaka, akasimama zaidi ya kukaa. Kuku hakula. Mke wake alidhani ni mwiko wa ukoo wetu, nasi tulidhani ni wa ukoo wa mke wake.

Kisha kifungua mimba wangu akatahiriwa, na ile hesabu ya zamani ikarudi mlangoni kwangu: nyumba mbili, moja ya mama yake, moja ya bibi yake, na kijana hawezi kulala katika yoyote. Shambani palikuwa na mwalimu wa shule ya kanisa, kijana mpole asiye na mke, mwenye nafasi. Tulikubaliana. Niliona nimepata bahati. Mama alimtumia kaka salamu na habari hiyo kupitia mwenye gari la kukokotwa lililopeleka makopo ya krimu.

Kaka alifika siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, kwa miguu, suruali imelowa umande mpaka magotini. Nilikuwa ninapasua kuni uani, nyuma ya nyumba ya mama. Nikaacha shoka, nikataka kumkamatia kuku kwa mazoea tu. Akasema, "Kuku hapana. Kaa chini, dada." Alichukua shoka, akaanza kupasua yeye.

"Kijana atalala wapi?"

Nikamweleza. Akapasua gogo moja, akapasua la pili.

"Asiende."

"Kwa nini asiende? Yule mwalimu ni mtu wa Mungu. Hana kelele, hana pombe."

"Mimi simjui huyo mwalimu. Pengine ni mtu mzuri kabisa. Lakini asiende. Baba mdogo pia alikuwa mtu wa Mungu."

"Sasa baba mdogo anaingia wapi kwa maneno hii?"

Aliweka shoka chini polepole, makali yake yakielekea mbali nasi, kama mtu anayejua vyombo. Alizungumza akitazama vipande vya kuni. "Yule mzee alinifanya kile mtu hawezi fanya mtoto wa mtu. Miaka mbili. Ndio maana nilikuwa naomba kulala kwa mama."

Ninaandika haya ili niseme nilichojibu, kwa hiyo nitakisema. Sikumwambia pole. Sikumshika mkono. Mimi, mama wa watoto wanne, niliyedhani nina akili kuliko wengi, nilimwambia, "Lakini wewe ulikuwa umeshatahiriwa."

Akacheka kidogo kwa pua. "Hata mimi nilikuwa najiambia hivyo. Kila siku. Mwanaume ametoka kwa kisu hajalia, sasa huyu ni nani amfanye kitu? Basi lazima ni mimi nilikubali. Nikijiambia hivyo naona nimekubali. Na viatu nilikuwa navaa."

Nililia. Nililia vibaya, kamasi na yote, naye akangoja kama anayemngoja mtoto. Nilipoweza kusema, nilimuuliza kuhusu kuku. Nilishalijua jibu.

"Nilimwachilia," akasema. "Nilitaka turudi nyumbani tuseme ametoroka."

"Na mimi nikamshika."

"Ulikuwa mtoto, dada." Kisha akatabasamu, tabasamu lake la zamani kabla ya haya yote. "Lakini ulikuwa na mbio wewe."

Kijana wangu hakwenda kwa mwalimu, niliseme hilo hapa lisije likasahaulika. Tulikata nyumba yetu katikati kwa pazia la magunia, akalala upande wa mlango. Watu wa shambani walitucheka mwaka mzima, na wanawake kisimani waliniuliza kama nimemrudisha kunyonya. Nilicheka nao. Niliwahi kucheka kwa sababu mbaya zaidi.

Lakini siku ile hatukuwa peke yetu. Mama alikuwa upande wa pili wa ukuta wake, kivulini, anachagua maharagwe. Tulikuwa tumemsahau, alikuwa mzee na tulidhani masikio yameshakwenda. Tulisikia ungo ukiwekwa chini. Alijitokeza kwenye pembe ya nyumba, akatupita bila kututazama, akaingia kwake.

Kitambo kidogo kuni zikaanza kutoka mlangoni. Kipande kimoja, kisha kingine. Alikuwa anazitupa nje moja moja, kwa mikono yake ile iliyokwisha nguvu. Nilidhani anataka kupika, nikamwita aniachie mimi, akazidi kuzitupa. Zilipoisha tulisikia ufagio. Kisha tukasikia maji yakinyunyizwa kutuliza vumbi, kisha ngozi ya ng'ombe, ambayo ndiyo aliyolalia mwenyewe, ikiburutwa sakafuni.

Alitoka akasimama kizingitini. Uso wake ulikuwa umelowa wala hakuufuta.

"Mwanangu," akamwambia, "njoo ulale."

Jua lilikuwa utosini. Kaka alikuwa na ndevu zenye mvi mbili tatu, ana mke, ana watoto, na kwa mila yetu mwanaume kama yeye hapiti zaidi ya mlango wa nyumba ya mama yake. Alisimama. Nilidhani atakataa, atasema kitu cha mzaha, atachukua kofia yake aondoke. Aliinama, akavua viatu, akaviacha nje, akaingia. Nilimwona kupitia mlangoni akijilaza pale kati ya mafiga na ukuta, magoti ameyakunja kwa sababu nafasi haikumtosha, na mama akamfunika kwa shuka lake.

Alilala mchana kutwa. Mama aliketi kigodani mlangoni na fimbo ndogo, akifukuza kuku wasiingie. Mume wangu aliporudi kutoka kukamua, ndoo mkononi, akaviona viatu vya kiume kwenye mlango wa mama mkwe wake, akaniita kwa sauti aniulize kuna nini. Mama akainua fimbo.

"Ongea polepole," akasema. "Mtoto wangu amelala."